Dakika Arobaini za Hango

Fundi Gwae alipofungua ubavu wa kompyuta na kupuliza mara moja, vumbi jekundu la miaka kumi na sita liliruka likajaza sebule ya Sikitu Ntandu. Fundi alikohoa, akafunika pua kwa kola ya shati.

"Mama, humu ndani kuna shamba zima," alisema. "Ukipanda alizeti zinaota."

Sikitu alicheka, lakini hakuna sauti iliyotoka. Miaka kumi na minne iliyopita madaktari walimtoa uvimbe kooni. Walimwambia mapema, bila kumficha, kwamba sauti itaondoka pamoja na uvimbe, naye akachagua kuishi. Tangu hapo kilichobaki kinywani mwake kilikuwa mnong'ono mwembamba, ambao upepo wa Singida ukivuma tu dirishani haukusikika tena.

"Hebu imba mstari mmoja," fundi alimwambia. "Nataka nione inavyochelewa kabla sijaigusa."

Sikitu alivaa mkufu wake wa chuma laini, uliosoma mishipa ya shingo kila alipotikisa midomo. Alitikisa midomo kwa mstari mmoja wa wimbo wa zamani. Sekunde moja na robo nyuma ya midomo yake, spika za ukutani ziliuimba mstari ule kwa sauti nzito, yenye mkwaruzo mtamu, sauti iliyowahi kujaza kumbi kuanzia Manyoni hadi Kahama. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, na ilisikika kama jirani anayekuiga kupitia ukutani.

"Kwenye mazungumzo watu watavumilia," alisema Gwae. "Kwenye muziki, mpiga ngoma atakuacha njiani."

"Harusi ya Raya ni Jumamosi ya wiki ijayo," Sikitu alinong'ona. "Usiku mmoja kabla sijapasuliwa nilimwambia, mwanangu, siku yako nitaimba. Alikuwa na miaka tisa. Hajasahau."

"Na kompyuta mpya haitasaidia."

"Ingesaidia nisingekuita."

Wote wawili waliijua sheria. Sauti iliyokuwa ndani ya mashine ile haikuwa kanda ya kuhamisha hapa na pale. Lilikuwa koo, koo lililojifunza kutoka kwa mwimbaji mwenyewe kwa miezi mitatu, likaweza kuimba hata yale ambayo mwenyewe hajawahi kuimba. Tangu sauti ya mtu ilipoanza kufungua milango ya benki na kukubaliwa mahakamani kama sahihi, serikali ilikataza kunakili koo la mtu yeyote. Koo moja, mashine moja. Lilipozaliwa ndipo litakapofia. Bendi ya Alizeti Jazz iliponunua mashine hii ilikuwa ndiyo yenye kasi kuliko zote mkoani. Sasa watoto wa shule walikuwa na zenye kasi zaidi mifukoni.

Gwae alifanya kazi siku mbili, upande mmoja baada ya mwingine ili mashine isizimike. Alisafisha feni, akakwangua dawa ya zamani ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka kama ugali wa juzi, akapaka mpya. Alipachika vibao viwili vya kumbukumbu alivyovitoa kwenye mashine iliyokufa ya redio ya wilaya. Alifuta programu ambazo hakuna aliyekumbuka nani aliziweka: kalenda ya maonyesho ya bendi isiyokuwepo tena, mchezo wa bao, kitu kilichokuwa kikitafuta habari za hali ya hewa kila dakika. Kisha akaanza kupunguza kile alichokiita bakuli.

"Sauti haitoki moja kwa moja," alimweleza Sikitu. "Inajazwa kwanza kwenye bakuli, ikijaa ndipo inamiminwa kwenye spika. Bakuli kubwa, unasubiri. Bakuli dogo, inatoka haraka, ila mashine ikizidiwa kulijaza, sauti inakatikakatika."

Alipunguza bakuli nusu. Kisha nusu ya nusu. Kwenye kioo namba ya kuchelewa, iliyohesabiwa kwa sehemu za elfu za sekunde, ilishuka kutoka elfu moja mia mbili hamsini hadi mia sita, hadi mia mbili arobaini. Alipojaribu kushuka zaidi, sauti ya Sikitu ilikatika vipandevipande, kama mtu anayeongea huku akitikiswa mabega.

"Tunahitaji ngapi?" Sikitu aliuliza.

"Chini ya kumi na tano. Hapo hutajua kama ni mashine."

Fundi aliweka bisibisi chini, akafuta mikono kwenye suruali, na kwa muda alikitazama kioo badala ya kumtazama mwenye nyumba.

"Mama, kuna jambo nadhani unalijua. Humu kuna makoo mawili. Koo halizimwi. Lazima lijirudierudie ndani kwa ndani, mchana na usiku, lisijisahau. Ukilizima siku moja, limekwenda. Sasa hilo la pili linakula nusu ya mashine. Mimi nimemaliza mbinu zangu. Ukiliachia hilo liende, utaimba. Ukiliacha lilivyo..." Alinyoosha mikono.

Sikitu aliuvua mkufu, akaushika mapajani kwa mikono miwili.

"Hilo ni la Hango," alinong'ona.

* * *

Nassoro Hango alikuwa mwimbaji mwenzake. Kwa miaka kumi na tatu walisimama jukwaani bega kwa bega wakiimba nyimbo za mapenzi, yeye akiuliza, Hango akijibu, hata watu wa miji ya mbali wakadhani ni mke na mume. Kumbe Hango alikuwa na mke wake mjini Singida, Mwamvita, mfuga kuku, ambaye alizisikia nyimbo hizo zote akiwa amekaa safu ya mbele na mkoba mapajani.

Hango alikufa ghafla kwa moyo, miaka kumi na moja iliyopita. Bendi ilivunjika, na mashine ikaletwa kwa Sikitu kwa sababu koo lake nalo lilikuwa humo. Sheria ikamwandika yeye kuwa mlinzi wa makoo yote mawili. Arobaini ilipopita, Mwamvita alibisha hodi. Hakuja kusalimia.

"Nimeambiwa yuko hapa," alisema.

Tangu siku hiyo alikuja kila Alhamisi saa nne asubuhi, na trei ya mayai mkononi, kwa kuwa hakutaka kukaa bure kwenye kiti cha mtu. Alivaa hedifoni, akaandika kwenye kibodi maneno aliyotaka kuyasikia, na koo la Hango likamwambia maneno hayo masikioni. Sikitu alitoka uani kila mara. Kwa miaka kumi na moja alianika nguo zisizohitaji kuanikwa, akafagia palipofagiliwa, na hakuwahi kujua mume yule alikuwa akimwambia nini mkewe.

Alhamisi hii Sikitu hakutoka mara moja. Alimweleza yote, polepole, huku Mwamvita akiinama kuusikia mnong'ono: harusi, ahadi, namba ya kuchelewa, nusu ya mashine.

Mwamvita alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa hedifoni kama kawaida, akageukia kioo. Sikitu akaenda uani. Safari hii hakushika ufagio.

Nusu saa baadaye mjane alitokea mlangoni.

"Nimemuuliza," alisema. "Nimeandika aseme hapana, akasema hapana. Nikaandika aseme sawa, akasema sawa, kwa sauti ileile, bila kinyongo. Kwa hiyo Mama Raya, usije ukaniambia yeye angependa nini. Niulize mimi."

"Nakuuliza wewe, wifi."

Mwamvita alitazama juu, kwenye kilima cha mitambo ya upepo, mapanga yake meupe yakizunguka bila haraka.

"Nimezika mtu nikabaki na sauti. Sasa nizike na sauti." Akamgeukia Sikitu. "Fundi amesemaje, hakuna namna yoyote ya kubaki na kitu?"

Ilikuwepo. Gwae alikuwa ameieleza: kugandisha. Unaliandikia koo maneno, linayasema, na maneno yale yanagandishwa kuwa kanda ya kawaida ambayo unaweza kuiweka kwenye simu na kuondoka nayo. Ila kilichogandishwa hakibadiliki. Hakiwezi kusema neno jipya wala kukuita kwa namna nyingine. Na sheria iliruhusu dakika arobaini tu kwa kila marehemu, asije mtu akamtumikisha maiti kwa kutoa albamu kila mwaka. Mwishoni mlinzi huweka dole gumba na kukiri kwamba anamfahamu mwenye koo, na kwamba maneno yale ni yake kweli.

"Dakika arobaini," Mwamvita alirudia. "Za maisha mazima."

"Ndiyo."

"Nipe mpaka Jumatatu. Nikayaandike."

* * *

Jumatatu mchana alikuja na daftari la shule lenye jalada la buluu, kalamu imechomekwa katikati. Alikuwa amevaa vizuri, kama anayekwenda kuonana na mkwe. Safari hii hedifoni hazikutumika; mlinzi alitakiwa asikie kila neno. Mwamvita alisoma, Sikitu aliandika, na koo la Hango likasema kupitia spika, sebule nzima.

Sikitu alikuwa amejiandaa kusikia maneno makubwa. Alidhani mjane angemtaka mumewe aimbe, au amlilie, au amwambie anamngoja peponi.

"Nani kahamisha wembe wangu?" alisema Hango.

Mashine ikaunguruma, ikagandisha. Mstari mdogo wa kijani ukajitokeza kwenye kioo.

"Kuku wako hawanipendi, Mwamvita, hasa yule mweusi."

"Usibebe ndoo hiyo. Niachie."

"Chai ya leo umeiweka tangawizi kama unatibu mafua ya kijiji."

"Lala, nitafunga mimi."

Kila sentensi ilichukua muda. Mashine kongwe ilipata joto, feni ikapanda, na mara mbili walilazimika kungoja ipoe. Mwamvita alikunjua na kukunja ukingo wa daftari.

"Mungu hakutupa mtoto," alisema Hango saa tisa alasiri, kwa sauti ya chini kabisa. "Si wewe, si mimi. Tusitafute mwenye kosa."

Sikitu aliinua uso. Mwamvita alikuwa akimtazama.

"Hiyo aliisema kweli," mjane alisema. "Tulikuwa kwenye basi, tunatoka Dodoma hospitali. Sikuandika ya uongo."

"Najua. Ndivyo alivyokuwa akiongea."

Na kweli alijua. Hakuwa amesikia hata moja kati ya sentensi hizo, lakini kila moja ilimleta Hango aliyemfahamu, na kila moja ilimwonyesha chumba ambacho yeye hakuwahi kuingia. Miaka yote alidhani amebeba sehemu kubwa ya mtu yule. Sasa aliona kwamba alibeba nyimbo tu.

Walipofika ukurasa wa mwisho zilibaki karibu dakika nne. Mwamvita hakusoma. Alilisukuma daftari mezani, likafika mbele ya Sikitu, naye akageuza uso pembeni.

Kwenye mstari wa mwisho palikuwa pameandikwa, kwa wino ulioshindiliwa: *Sikitu ni dada yangu tu. Sijawahi kumfikiria vingine.*

Sikitu aliisoma mara mbili. Vidole vyake vilikuwa juu ya kibodi, na havikushuka.

"Hiyo ndiyo naisikiliza kila Alhamisi," Mwamvita alisema. "Ndiyo ninayoanza nayo, na kabla sijatoka naisikia tena. Iandike."

"Alikuambia hivi?"

"Angeniambia, ningekuja hapa miaka kumi na moja?"

Upepo uligonga dirisha. Sikitu alifikiri haraka, kwa sababu alijua akichelewa atakubali. Ilikuwa rahisi mno. Maneno manane, dole gumba, harusi baada ya siku tano. Hakuna binadamu aliye hai ambaye angempinga. Shahidi pekee alikuwa yeye. Mjane angelala kwa amani. Lakini akiyaandika, Hango angeondoka duniani huku neno la mwisho juu yake likiwa neno ambalo Hango hakulisema. Hapo Sikitu akajishtukia. Alikuwa anatetea ukweli, au alikuwa anatetea kitu chake kidogo, kile alichokificha miaka yote asimwonyeshe mtu?

"Wifi," alinong'ona, "nikikubali nitakuwa nimejipendelea, na nikikataa nitakuwa nimejipendelea. Kwa hiyo nitakuambia kilichotokea, uamue wewe."

Mwamvita hakugeuka. Ila mkono uliokuwa ukicheza na mkanda wa mkoba ulitulia.

"Mwaka ule treni iliharibika Itigi, tukakaa siku mbili stesheni. Baba yake Raya alikuwa ameshakwenda Zambia bila kurudi. Mimi ndiye niliyesema. Nilimwambia Hango yote, neno kwa neno, sikubakiza. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akainuka, akaenda kuwanunulia chai bendi nzima. Hakunijibu siku ile, wala kesho yake. Tulipofika Tabora, kwenye onyesho, aliuchukua mti wa maiki yake akausogeza hatua mbili mbali na mimi. Hakuurudisha tena."

Ilibidi anyamaze apumzike. Mnong'ono mrefu ulimchosha.

"Hatua mbili," Mwamvita alisema. "Nilikuwepo mlipoimba hapa uwanjani, mliporudi. Nilikaa mbele. Niliziona hizo hatua mbili, nikasema moyoni, ahaa, wameanza kuficha."

"Hapakuwa na cha kuficha."

"Kilikuwepo. Kilikuwa chako."

"Ndiyo," alisema Sikitu. "Kilikuwa changu."

"Hakukujibu hata hapana?"

"Hata hapana."

"Angesema hapana ingekuwa rahisi."

"Hata kwangu."

Mwamvita aligeuka sasa, na uso wake ulikuwa umevimba kwa hasira ya zamani iliyokosa mahali pa kwenda. "Umenikalisha kwenye kiti chako miaka kumi na moja. Unanipokea mayai. Unaniita wifi. Unakwenda uani unafagia. Na neno hili unalo!"

"Niliogopa ungeacha kuja."

"Na nisingekuja!"

Hapo wote wawili walinyamaza, na katika ukimya ule wakasikia spika. Koo hai lisipoandikiwa neno hupumua. Aliyelibuni aliziacha pumzi humo makusudi, kwa kuwa mwimbaji asiyevuta pumzi husikika kama jini. Hango alikuwa akipumua sebuleni, taratibu, na tundu la kushoto la pua likipiga mluzi mdogo sana, kama alivyokuwa tangu avunjike pua akiwa kijana.

Mwamvita aliinamisha kichwa. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Zimebaki dakika ngapi?" aliuliza.

"Tatu na nusu."

Alilivuta daftari, akachukua kalamu, akaikata ile sentensi kwa mstari mmoja.

"Gandisha hiyo."

"Ipi, wifi?"

"Hiyo hiyo. Asiseme chochote."

Sikitu aligandisha. Dakika tatu na nusu walikaa bila kusogea, wanawake wawili wa makamo kwenye viti vya mbao, mpaka kioo kiliposema muda umekwisha. Kisha kikauliza: *Unamfahamu mwenye koo? Haya ni yake?* Sikitu aliweka dole gumba, na safari hii vidole havikusita.

Mwamvita aliichomeka simu yake, akapokea dakika zake arobaini, akaiweka mkobani, akafunga zipu. Aliondoka bila kuaga. Daftari alilisahau mezani, au aliliacha.

* * *

Jumanne asubuhi Gwae alifika kukamilisha kazi. Alimwonyesha Sikitu mahali pa kubonyeza.

"Lazima ubonyeze mwenyewe, mama. Mimi sheria hainiruhusu."

"Niachie dakika chache."

Fundi alitoka uani. Sikitu aliketi mbele ya kibodi. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kumwandikia Hango hata neno moja. Alikuwa mlinzi, na aliogopa. Sasa mikono yake iliandika yenyewe, upesi, kama inayoiba: *Na mimi pia, Sikitu.*

Maneno yalisimama kwenye kioo, kamshale kakipepesa mwishoni. Angebonyeza mara moja tu, angeyasikia. Sauti ingekuwa yake kweli, na mluzi wa pua pia. Hakuna ambaye angejua, na baada ya dakika tano hapangebaki ushahidi. Alikuwa ametamani kuyasikia kwa muda mrefu kiasi kwamba masikio yake yaliwasha.

Alifikiria jinsi Mwamvita alivyosema: nikaandika sawa, akasema sawa, bila kinyongo.

Akaanza kufuta, herufi moja moja, kutoka mwisho. Jina lake ndilo lililotangulia kufutika. Alipomaliza, Hango alikuwa bado anapumua. Alimsikiliza kidogo, akabonyeza.

Zilikwenda pumzi tatu zaidi. Kisha feni ya mashine, ambayo miaka yote ilikuwa ikiunguruma, ikashuka, ikashuka, mpaka sebule ikawa kimya na akasikia kuku wa jirani.

Gwae alirudi, akapunguza bakuli hadi likawa kijiko. Namba kwenye kioo ilisimama kwenye tisa.

"Haya," alisema.

Sikitu alivaa mkufu, akatikisa midomo kwa jina la binti yake. "Raya," sauti ikasema, papo hapo, pamoja na midomo, kana kwamba ilitoka kifuani mwake. Alishtuka akageuka nyuma kutazama nani ameingia. Fundi alicheka mpaka akaona kwamba mama yule analia, akajifanya anakusanya bisibisi zake.

* * *

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Mashine ilikuwa pembeni ya jukwaa juu ya meza yenye kitambaa, imeletwa kwa betri bila kuzimwa, Gwae ameketi kando yake na tai iliyombana. Wazee wanne waliobaki wa Alizeti Jazz walikuwa wamekuja na magitaa yao. Sikitu alipanda, akavaa mkufu juu ya lulu, akamwimbia binti yake.

Raya alikuwa amesimama na mumewe katikati ya sakafu. Mstari wa kwanza ulipotoka alijishika kinywa. Baadaye aliwaambia shoga zake kwamba alikuwa ameshasahau sauti ile ilivyokuwa ikitoka kinywani mwa mama yake, na kwamba kuisahau huko hakukuwahi kumuuma mpaka ilipomrudia. Alivua viatu vya harusi akapanda jukwaani, akaweka kiganja chake shingoni mwa mama yake, pale kwenye kovu, aone kama panatetemeka. Palitetemeka. Hakukiondoa kiganja mpaka wimbo ulipokwisha.

Watu hawakukubali ashuke. Kutoka meza za nyuma, mzee mmoja alipaza sauti: "Usikomee! Tupigie Usikomee!" Na wengine wakaitikia, kwa kuwa ndio wimbo uliowaoza wengi wao. Mpiga solo hakungoja ruhusa. Vidole vyake vilikuwa vimeshauanza.

Sikitu aliimba ubeti wake. Sauti ilikwenda naye bega kwa bega, haikumtangulia wala kumfuata. Kisha ubeti ukaisha na zamu ya Hango ikafika, na hapakuwa na mtu. Kwa muda wa pumzi moja aligeuza kichwa kushoto, kwa mazoea, hatua mbili. Gitaa lilizunguka peke yake. Watu wakadhani ndivyo wimbo ulivyopangwa. Baadhi yao wakainamisha vichwa.

Ndipo alipomwona Mwamvita. Hakuwa na uhakika kama angekuja. Kadi aliipeleka mwenyewe, akaipitisha chini ya mlango. Mjane alikuwa akitoka meza ya tatu, akipita katikati ya wachezaji bila kucheza, kanga mpya ikiwa imekunjwa mkononi. Alipanda jukwaani. Hakutabasamu. Aliikunjua kanga ile, akaizungusha mabegani mwa Sikitu, akafunga fundo mbele kama anavyofungwa mtu anayetunzwa, na alipokuwa akikaza fundo aliusogeza mdomo wake sikioni.

"Sijakusamehe," alisema. "Lakini imba. Usimwache hivyo."

Gitaa lilimaliza mzunguko, likaanza tena. Mzee wa solo alimtazama Sikitu kwa jicho la kuuliza. Sikitu hakuwahi kuuimba ubeti wa Hango hata mara moja, hata akiwa peke yake jikoni. Aliyajua maneno yote.

*Nikikawia usikomee mlango,*
*taa iache, njia ina mabonde;*
*kote nilikofika nilikuwa mgeni,*
*nyumbani ni pale unaponingoja.*

Aliimba kwa sauti yake mwenyewe, na aliuimba ubeti ule akiwa amemwelekea yule ambaye tangu mwanzo ulikuwa wake. Mwamvita hakurudi mezani. Alisimama palepale jukwaani, mkoba kwapani, akasikiliza mpaka mwisho.